Aliyegongwa na Asiyejulikana: Ni Nani Amlipe?



Naomba nafasi katika kurasa zetu nieleze jambo ambalo kwa muda mrefu limezungumzwa chini chini, maofisini na njiani, wala halijawekwa mezani kama shauri la kuamuliwa. Ni jambo la mtu aliyegongwa na gari lisilo na bima, au na gari lililomkimbia gizani, lisijulikane lilikotoka wala lilikokwenda. Swali langu ni jepesi kulitamka: mtu huyo, au mjane na yatima wake, ni nani awalipe?

Natuwatazame watu watatu. Wote wametoka majumbani mwao alfajiri ya Jumamosi, wameshika njia ya soko la Tengeru na mikungu yao ya ndizi, na wote watatu wamevunjwa mguu na chombo cha moto pasipo kosa lao. Wa kwanza amegongwa na gari lenye bima. Wa pili amegongwa na pikipiki isiyo na bima, ya kijana ambaye mali yake yote duniani ni hiyo pikipiki, nayo ni ya mkopo. Wa tatu amegongwa na gari ambalo halikusimama; aliloliona ni taa mbili nyekundu zikipotelea upande wa Usa River. Mifupa yao ni sawa, maumivu yao ni sawa, na siku za kulala kitandani ni sawa. Walakini mbele ya sheria watu hawa si sawa hata kidogo. Wa kwanza ana mlango wa kubisha. Wa pili ana mlango pia, lakini ndani ya nyumba hamna kitu. Wa tatu hana hata mlango.

Basi, neno langu ni moja: haki ya fidia yapaswa kulifuata jeraha, isiifuate bahati ya mtu kugongwa na nani.

Kwanza tuziangalie njia zetu wenyewe. Hakuna mkazi wa Arusha asiyefurahi kuona barabara zikipanuka. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, chenye kilomita 14.1, kimefanywa njia mbili kwa kila upande. Na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayapitisha malori kusini ya mji. Upande wa Longido kuna njia ya Namanga, ipitayo mizigo ya nchi mbili. Na upande wa magharibi kuna njia ya Makuyuni na Karatu, ipitayo magari ya watalii waendao Ngorongoro na Serengeti. Haya yote ni neema. Lakini kando ya njia hizo hizo hupita watoto wa shule, wachungaji na mifugo yao, akina mama waendao sokoni Ngaramtoni na Kikatiti, na vijana wa bodaboda ambao tangu kanuni za 2010 wanatambuliwa kuwa wachukuzi wa abiria. Njia inapokuwa nzuri mwendo huongezeka, na mwendo ukiongezeka mtembea kwa miguu ndiye alipaye kwa mwili wake. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Bali hapa tembo hata hawapigani, wanapita tu.

Sasa tuitazame sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo asili yake ni ya miaka ya 1940, wakati wa utawala wa Waingereza. Sheria hii inakataza mtu ye yote kutumia gari barabarani pasipo bima ya kuwalinda wengine, ile ambayo wenyeji huiita bima ndogo. Hiyo ni sheria njema, wala sikusudii kuitukana. Iliona kwamba si haki maskini apoteze mguu wake na kisha aambiwe kwamba aliyemgonga ni maskini mwenzake. Kwa hiyo ilisema: kabla hujatia gari moto, weka kwanza mwenye fedha nyuma yako. Tena ilimwamuru huyo mwenye fedha, yaani kampuni ya bima, ailipe hukumu itakayotolewa na mahakama juu ya mtu aliyemkatia bima.

Lakini tazama ilivyojengwa. Imesimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni hukumu juu ya mtu anayejulikana. Nguzo ya pili ni hati ya bima iliyo halali. Ikianguka nguzo ya pili, majeruhi anabaki na hukumu mkononi kama mtu aliyeshika hundi ya benki isiyo na fedha. Ikianguka nguzo ya kwanza, hata hiyo hukumu haipatikani, kwani huwezi kumshitaki kivuli. Kuishitaki kampuni ya bima nako hakuwezekani, maana hujui ni kampuni ipi. Wakati huo huo saa inakwenda: Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya 1971 inampa mwenye madai ya namna hii miaka 3, nayo hupita upesi kwa mtu ajifunzaye kutembea upya.

Kuna watakaosema, “Lakini asiye na bima huadhibiwa.” Ni kweli, anapokamatwa huadhibiwa. Lakini faini yake huingia katika hazina ya Serikali. Haiingii nyumbani kwa yule aliyevunjwa mguu. Akifungwa gerezani, kifungo hakimpelekei mtoto wa marehemu karo ya shule. Adhabu ni haki ya dola, na fidia ni haki ya aliyeumia. Mambo haya ni mawili, wala moja halitoshi mahali pa lingine.

Kadhalika wapo watakaosema, “Dereva akimbiaye ni mkosaji; Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamwamuru asimame, amsaidie aliyeumia, na atoe habari polisi.” Hilo nalo ni kweli. Ila tuulize kwa nini hukimbia. Wengine hukimbia kwa sababu wamelewa, au hawana leseni, au hawana bima. Wengine, na tuseme kweli, hukimbia kwa kuogopa mawe na fimbo za watu wenye hasira. Tumezoea kuona gari likichomwa moto kabla polisi hawajafika, na kila gari lichomwalo linamfundisha dereva wa kesho asisimame. Hasira ya namna hiyo haimpatii majeruhi hata senti moja. Aghalabu humkosesha ushahidi na bima kwa pamoja.

Mabwana na Mabibi, hapa nataka kusema neno linalotuhusu sisi watumishi wa Serikali. Sisi tuna makingio ambayo jirani zetu hawana. Tangu 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umekuwa ukitulipia matibabu, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara ambao nusu yake hutolewa na mwajiri. Tena ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo haumwulizi mtumishi aliyeumia kazini, “Ni nani mwenye kosa?” Unauliza tu, “Je, uliumia katika kazi yako?” Karani akitumwa kupeleka barua, akagongwa na gari lisilojulikana mbele ya mnara wa saa, ana mahali pa kwenda. Mfuko hauhitaji namba ya lile gari ndipo ukubali kwamba mkono wake umekatika.

Na yule mama wa ndizi aliyegongwa na gari lile lile, dakika ile ile, mahali pale pale? Yeye hana mwajiri, kwa hiyo hana Mfuko. Hapo ndipo dhamiri zetu zinapopaswa kuchomwa. Serikali imekwisha kukubali, kwa ajili yetu, kwamba mtu anaweza kulipwa kwa sababu ameumia, pasipo kwanza kumpata mkosaji. Ikiwa kanuni hiyo ni njema kwa mwenye kalamu, haiwezi kuwa mbaya kwa mwenye jembe. Tena huyo mwenye jembe ndiye alipaye kodi itokamo mishahara yetu.

Nisije nikaeleweka vibaya mintarafu ya matibabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ina shabaha nzuri, nami naiombea ifanikiwe. Lakini matibabu ni kitu kimoja na fidia ni kitu kingine. Hospitali inaweza kuunga mfupa; haiwezi kurudisha mavuno ya msimu uliopotea, wala kumlipa kibarua aliyelima badala ya mgonjwa, wala kumtunza yatima mpaka awe mtu mzima. Kilema akitoka Hospitali ya Mount Meru na magongo yake, bili yake ikiwa imelipwa yote, bado hajalipwa cho chote kwa mguu wake.

Huenda mtu akasema kwamba Waafrika hatuachani. Penye msiba tunachanga. Hakika tunachanga, na hiyo ni sifa yetu. Mwezi Mei 2017 gari la shule lilipoanguka bondeni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao, taifa zima lililia na rambirambi zikaletwa Arusha kutoka pande zote. Mwezi Februari 2024, huko Kibaoni, Ngaramtoni, lori lilipoyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha, habari ile ilipita nchi nzima na nje ya nchi. Misiba hiyo ilikuwa mikubwa, na kila aliyetoa mkono wa pole alifanya vema. Lakini rambirambi hufuata ukubwa wa habari. Watu thelathini wakifa mahali pamoja, kiongozi huja na magazeti huandika. Watu thelathini wakifa mmoja mmoja, huyu Maji ya Chai, yule Kisongo, mwingine Kwa Mrombo, kila mmoja hulia na ukoo wake tu. Rambirambi ni hisani, na hisani haina kipimo wala haidaiwi. Fidia ni haki, nayo ina kipimo, ina daftari, na mtu huidai akiwa amesimama wima.

Wala wazo la kumlipa aliyeumizwa na asiyejulikana si jambo geni lililoletwa na motakaa. Babu zetu hawakuwa na magari, lakini walijua damu. Kwa Waarusha na ndugu zao Wamasai, damu ya mtu aliyeuawa ililipwa kwa ng’ombe, wala mzigo huo haukumwangukia muuaji peke yake. Ndugu zake walichangia, kwa kuwa ukoo ulibeba hatari za watu wake. Hiyo ilikuwa bima kabla ya neno bima. Katika sheria ya Kiislamu nako wanachuoni wengi walisema kwamba mtu akikutwa ameuawa na muuaji asijulikane, diya yake itoke katika hazina ya umma, ili damu yake isiende bure. Na katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, twasoma kwamba maiti akionekana kondeni na aliyempiga asijulikane, wazee hupima umbali, na mji ulio karibu zaidi ndio unaopaswa kusimama na kujibu mbele za Mungu. Mila, Sharia na Torati, kila moja kwa njia yake, zilikataa kusema, “Hajulikani, basi yamekwisha.” Zilisema, “Hajulikani, basi ni letu sote.”

Natuone na mataifa mengine yalivyofanya. Uingereza, ambako sheria yetu ilichukuliwa, ilifanya bima ya magari kuwa lazima kwa sheria ya 1930. Muda haukupita mrefu Waingereza wakaona tundu lile lile nililolitaja: wapo wasiokata bima, na wanaoumizwa nao huachwa mikono mitupu. Kamati iliyoongozwa na Sir Felix Cassel ikatoa taarifa yake mwaka 1937, vita vikaingia, kisha mwaka 1946 makampuni yote ya bima ya magari yakapatana na Serikali kuunda shirika moja, Motor Insurers’ Bureau, la kuwalipa wale waliogongwa na wasio na bima. Mwaka 1969 yakaongezwa mapatano rasmi kwa ajili ya waliogongwa na wasiojulikana. Maana yake ni nini? Sisi tulirithi koti la 1930, lakini mkono walioushonea mwaka 1946 haukufika kwetu katika sheria ile. Sura ya 169 haikuunda mfuko wala shirika la namna hiyo. Waliotuachia koti wamekwisha kulikamilisha la kwao siku nyingi. Sisi bado tunavaa lenye mkono mmoja na kushangaa kwa nini tunaona baridi upande mmoja.

India, nchi kubwa yenye maskini wengi, haikungojea mpaka itajirike. Sheria yao ya Magari ya 1988 iliweka malipo maalum kwa aliyegongwa na gari lililokimbia. Kwa muda mrefu malipo hayo yalikuwa madogo, rupia 25,000 kwa aliyekufa na 12,500 kwa aliyeumia vibaya. Na kuanzia Aprili 2022 yakapandishwa kuwa 200,000 na 50,000. Kusini mwa bara letu, Namibia ina mfuko wake wa ajali za magari chini ya sheria ya 2007, nao hupata fedha kwa tozo ndogo katika mafuta. Afrika ya Kusini nayo ina mfuko wa namna hiyo. Ila nakiri mbele yenu kwamba mfuko huo umelemewa na madeni makubwa, kwa sababu mashauri yake yalikuwa marefu na gharama za mawakili zilikuwa nzito. Mfano huo nautaja makusudi: unatuonya tusijenge nyumba kubwa kuliko msingi.

Hata hapa kwetu makampuni ya bima yanajua kushirikiana yanapotaka. Ipo Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 1987, ambayo Tanzania imebaki ndani yake ijapokuwa ilijitoa katika COMESA yenyewe mwaka 2000. Kwa kadi hiyo, gari la nchi nyingine mwanachama likimgonga mtu huku kwetu, kampuni ya hapa hushughulikia madai kwa niaba ya ile ya huko. Tena mwaka 2023 makampuni yetu yaliungana kubeba pamoja bima ya kilimo, kwa kuwa kampuni moja peke yake iliogopa ukame. Basi, tazama ajabu hii: mgeni anayevuka Namanga amewekewa utaratibu, na mahindi shambani yamewekewa umoja; lakini mtoto wa Sakina aliyegongwa na gari lisilojulikana la hapa hapa nyumbani hana kadi, hana umoja. Hasha! Haiwezekani mahindi yawe na ndugu wengi kuliko mtoto.

Shauri langu, kwa hiyo, ni kwamba Chama chetu kiandike kwa heshima kwa Serikali na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kuomba mfuko wa fidia kwa majeruhi wa magari yasiyo na bima na yasiyojulikana, nao uwekwe kwa misingi minne.

Kwanza, fedha zake zitoke katika kila hati ya bima ya gari na pikipiki inayouzwa, kiasi kidogo kisichomwumiza mtu. Nitoe hesabu ya mfano tu: hati 1,000,000 zikitozwa shilingi 2,000 kila moja, hupatikana shilingi bilioni 2 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Na faini wanazotozwa wasio na bima ziongezwe humo, ili kosa lao liwafae hasa wale wanaowaumiza.

Pili, mfuko ulipe kwa mwili na uhai wa mtu tu. Usilipie bati lililopondeka wala taa iliyovunjika. Tena malipo yafuate jedwali lililoandikwa wazi, mguu kiasi gani, jicho kiasi gani, uhai kiasi gani, ili mjane wa Nkoaranga aweze kulisoma mwenyewe au kusomewa na mwalimu wa kijiji, pasipo kuuza shamba apate wakili.

Tatu, mfuko ukimlipa majeruhi, uchukue haki yake ya kudai. Dereva asiye na bima asidhani amepona. Mfuko umfuate kidogo kidogo hata miaka mingi, jambo ambalo mgonjwa peke yake hawezi. Kadhalika gari lililokimbia likijulikana baadaye, mwenye gari au kampuni yake arudishe kilicholipwa.

Nne, isiundwe idara kubwa yenye majengo na magari mapya. Makampuni ya bima yaendeshe kazi hiyo kwa umoja wao, na Mamlaka, ambayo ipo tangu sheria ya 2009, iwasimamie na kutangaza hesabu kila mwaka.

Najua maswali yatakayoulizwa, nami siyadharau. Litaulizwa: “Je, walaghai hawatajitokeza, mtu aanguke mnazini na aseme amegongwa na gari?” Huku Meru minazi ni michache, lakini naelewa maana yake. Jibu ni kwamba tayari tuna fomu ya polisi, PF3, na daftari la hospitali. Habari itolewe polisi kwa siku zilizowekwa, daktari aandike alichokiona, na shahidi au mwenyekiti wa kitongoji athibitishe. Ulaghai upo katika kila mfuko duniani, hata katika posho za safari. Hatujawahi kufuta posho kwa sababu hiyo.

Litaulizwa tena: “Mbona mwaminifu aliyekata bima ndiye atozwe kwa ajili ya asiyekata?” Swali hili ni zito zaidi. Jibu langu ni kwamba hata mwaminifu hushuka katika gari lake. Mwenye motakaa leo, jioni ni mtembea kwa miguu. Mke wake huenda sokoni, na mtoto wake huvuka barabara kwenda shule. Kila mmoja wetu anayetia gari moto huongeza hatari kidogo katika njia ya wote, na njia hiyo ni shirika letu. Ile shilingi elfu mbili haitakuwa faini ya kosa la mwingine, bali sehemu ya gharama ya kuwa na magari barabarani, gharama ambayo hivi sasa tumemtwika yule asiye na gari kabisa.

Na litaulizwa: “Je, hawatazidi kuacha kukata bima, wakijua mfuko upo?” La, ikiwa msingi wa tatu utashikwa. Asiye na bima hatakuwa amesamehewa deni. Atakuwa amepata mdai mwenye nguvu badala ya mdai aliyelala kitandani.

Lakini kabla ya barua kujibiwa, ziko kazi ambazo hazingoji sheria. Tuanze kwetu. Kila mwanachama mwenye gari au pikipiki ahakikishe bima yake ni halali wala si ya bandia. Siku hizi mtu huweza kuhakiki kwa namba ya gari lake katika mfumo wa Mamlaka, na stika bandia hulinda kioo tu. Aliyemkabidhi ndugu yake pikipiki ya bodaboda alete kumbukumbu ya bima yake kabla ya kupokea hesabu ya wiki. Fedha ya abiria isiyo na bima ni fedha ya damu inayongoja siku yake. Tukiona ajali, tuandike namba ya gari kwanza, kisha tumwokoe aliyeumia, na tumlinde dereva asipigwe, maana dereva aliye hai na anayejulikana ndiye mlango wa fidia. Tena sisi tujuao kusoma na kuandika tuwasaidie jirani zetu kupata PF3 na kuitunza, kuyaandika majina ya mashahidi, na kuhesabu ile miaka 3 isije ikawapita.

Wapo watakaotushauri tukae kimya, kwa kuwa barua za watumishi hazibadili sheria. Kwao nina jibu la mlima wetu wenyewe. Wameru waliponyang’anywa ardhi ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Hawakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini neno lao lilisikiwa, na hakuna mwenye macho anayesema leo kwamba walipoteza nauli. Nao walijua kutofautisha kati ya haki na kifuta machozi. Sisi tunaombwa jambo jepesi zaidi: karatasi, saini, na ustahimilivu wa kufuatilia jibu.

Basi nauleta mbele ya mkutano wetu ujao huu kama shauri kamili: kwamba Chama kiandike ombi la mfuko kwa misingi minne niliyoitaja, kiteue wanachama watatu wa kulifuatilia, na watoe taarifa kila baada ya miezi mitatu. Mwenye hoja ya kulipinga aje nayo, tuipime kwa adabu. Lakini atakayelipinga naomba atujibu kwanza lile swali la mwanzo, kwa niaba ya yule aliyeona taa mbili nyekundu zikipotea: ni nani amlipe?

Ni mimi mtumishi mwenzenu,

Mwanachama, Tawi la Arusha.